Safari ndefu ya majini kwa watu wawili kutoka Dodoma: Victoria, Tanganyika au delta ya Rufiji?

Pale barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapovuka bwawa la Mtera, wauza samaki hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipopanda mtumbwi pamoja kwa mara ya kwanza, wiki chache baada ya ndoa. Mvuvi mmoja alituzungusha kama nusu saa. Mume wangu ni mtu wa Kondoa, mimi wa Mpwapwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa anajua kuogelea. Tuliposhuka, viatu vimelowa, akaniuliza, "Hivi mke wangu, maji haya yanaishia wapi?" Sikujua. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba yanateremka Kidatu, yanakutana na Rufiji, siku hizi yanatulia kwanza kwenye bwawa la Julius Nyerere, kisha yanagawanyika mikono mingi ndani ya mikoko, ndiyo delta yenyewe, na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia.

Swali lile halikutuacha. Tukakubaliana kwamba pesa zikiruhusu, likizo yetu itakuwa ya majini. Hadi leo tumefanya safari tatu kubwa: Kigoma hadi Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwa meli ya Liemba mwaka 2016, Mwanza hadi Bukoba kwa New Victoria mwaka 2022, na delta ya Rufiji hadi Mafia mwishoni mwa 2024. Dodoma imejaa wanandoa waliohamia na Serikali, watu wenye likizo ya siku 28 na hamu ya kuona maji, na wengi wao hutuuliza waanzie wapi. Haya ndiyo majibu yetu, kwa kirefu.

Kwanza niseme kwa nini Unguja haimo. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam inavuka kwa muda wa saa mbili hivi. Ni safari nzuri, ila ukimaliza kunywa soda umefika. Sisi tunazungumzia safari ambayo maji yenyewe ndiyo likizo. Wamarekani wana njia ya namna hiyo: inaanzia Norfolk, Virginia, na kushuka hadi Florida, ikipita nyuma ya visiwa na ndani ya mito na mifereji, na kufika Miami tu ni zaidi ya kilometa 1,700. Mume na mke wanahamia kwenye mashua yao wenyewe na kuishi humo kwa miezi. Sisi hatuna mfereji wa hivyo. Tuna maziwa makubwa mawili yanayofikika kutoka hapa kwa basi au treni, na tuna delta. (Nyasa nayo ipo, lakini sijaisafiri, na nisichokisafiri sikilinganishi.)

Kufika kwenyewe

Dodoma iko katikati, na faida yake ni kwamba kila maji yana njia yake kutoka hapa.

Kwenda Mwanza ni basi: Singida, Nzega, Shinyanga, kama kilometa 700. Unaondoka alfajiri, unafika usiku. Panga kulala Mwanza walau usiku mmoja kabla ya meli, kwa sababu gari likiharibika njiani meli haitakungoja.

Kwenda Kigoma, panda treni ya reli ya zamani. Basi lipo na linawahi, lakini ukitumia basi umekosa nusu ya utamu. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na meli ya Liemba yenyewe ilisafirishwa juu yake ikiwa vipande. Kutoka Dodoma ni karibu kilometa 800 za kutikisika. Sasa wanandoa sikilizeni: kwenye daraja la pili la kulala, wanawake wanawekwa chumba chao na wanaume chao, isipokuwa mmekata vitanda vyote vya chumba kizima. Sisi hatukulijua hilo. Usiku wetu wa kwanza wa likizo nililala na akina mama watano na mtoto mchanga, mume wangu yuko behewa la pili yake, tunatumiana ujumbe mpaka mtandao ulipokatika baada ya Manyoni.

Kwenda delta, reli mpya ya SGR imebadilisha kila kitu. Treni ya umeme ilianza kutoka Dar hadi Dodoma Julai 2024, na nauli ya kawaida ilianzia shilingi 31,000. Ukiondoka Dodoma asubuhi, mchana uko Dar. Kesho yake unapanda gari Mbagala Rangi Tatu kufuata barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, unaingia kushoto Bungu na kushuka hadi Nyamisati, kijiji cha ukingoni mwa delta. Kwa saa za kukaa njiani, delta ndiyo ya karibu kuliko zote, na watu wengi wa Dodoma hawalijui hilo. Wanadhani Rufiji ni mwisho wa dunia.

Nani anashika saa?

Hili kwangu ndilo swali kubwa, na ndipo safari hizi tatu zinapotofautiana hasa. Kabla ya kuulizana mna shilingi ngapi, ulizaneni nani kati yenu hawezi kusubiri.

Kwenye Ziwa Victoria, ratiba ndiyo inayoshika saa. Meli inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, na asubuhi uko Bukoba. New Victoria ni ile MV Victoria ya tangu miaka ya 1960, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Mambo yake ni ya kueleweka: una tiketi, una namba ya chumba, una saa ya kufika. Kwa mtu mwenye wasiwasi hiyo ni dawa. Ubaya wake ni kwamba ziwa lote unalivuka gizani ukiwa umelala. Tulikaa sitahani mpaka taa za Mwanza zikapotea, tukaona karabai za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali kama mtaa mwingine, kisha baridi ikatufukuza ndani. Tulipoamka tulikuwa tunaona milima ya Bukoba. Safari nzuri, na fupi mno.

Kwenye Ziwa Tanganyika, mizigo ndiyo inayoshika saa. Liemba ilikuwa inaondoka Kigoma Jumatano jioni, kila baada ya wiki mbili, na ratiba ilisema siku fulani uko Kasanga. Lakini vijiji vingi vya mwambao havina gati. Meli inasimama katikati ya maji, inapiga honi, na kijiji kizima kinakuja kwa mitumbwi. Pale Lagosa, kwenye vijiji vinavyopakana na milima ya Mahale, tuliamshwa na honi usiku wa manane. Tukatoka. Chini yetu kulikuwa na mitumbwi kama ishirini inagongana ubavuni mwa meli, tochi zinamulikana usoni, watu wanapaza sauti kwa Kiha, Kitongwe na Kiswahili. Mama mmoja aliinua mtoto juu ya kichwa chake, mkono wa baharia ukashuka ukamchukua mtoto, kisha ukashuka tena ukamchukua mama. Baada yao yakaja magunia ya dagaa, moja baada ya jingine, kila moja likiacha mstari wa chumvi na magamba kwenye ukuta wa meli. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyetazama saa. Mume wangu, ambaye Dodoma akicheleweshwa dakika kumi benki anarudi nyumbani na hasira, alisimama pale mpaka mtumbwi wa mwisho ulipoachia kamba.

Kwenye delta, maji yenyewe ndiyo yanayoshika saa, na hapo hakuna wa kubembeleza.

Sisi watu wa bara tunafikiri mto unakwenda upande mmoja. Kwenye mikono ya Rufiji, maji yanakwenda pande zote mbili: bahari ikijaa yanapanda kuelekea bara, ikipwa yanarudi. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, tofauti yake ndogo. Mtu wa Nyamisati anayajua haya kama mimi ninavyojua siku ya mshahara. Mimi sikuyajua, na ndiyo sababu ya kisa kinachofuata.

Tulikuwa tumekodi boti ndogo ya injini ya nyuma kuzunguka mikono ya kaskazini. Nahodha alituambia tuondoke alfajiri. Mimi nikasema tunywe chai kwanza, tuko likizo. Tukaondoka tumechelewa kama saa moja na nusu. Wakati wa kurudi, kwenye mkono mwembamba, boti ikapunguza mwendo, ikagusa, ikakaa. Nahodha alizima injini, akainua panka lake kutoka kwenye tope, akasema bila ukali wowote: "Yakikupwa yamekupwa, dada. Tukae."

Tulikaa karibu saa nne. Mwanzoni nilijilaumu kwa sauti, kisha nikanyamaza. Maji yalipokwisha kuondoka, mizizi ya mikoko ilibaki wazi kila upande, imejikunja kama vidole vilivyoshika ardhi, na juu yake kaa wadogo wekundu walikuwa wanapanda na kushuka. Harufu ilikuwa ya tope na chumvi. Nahodha alitufundisha kutofautisha mkoko, mkandaa na mchu kwa kutazama majani na mizizi, akatueleza boriti za nyumba nyingi za kale za pwani zilitoka kwenye misitu hii. Kisha naye akajifunika kofia akalala. Mimi na mume wangu tulibaki na mfuko wa karanga za Dodoma. Tukazungumza jambo tulilokuwa tumeliahirisha mwaka mzima, la mama yake kuja kuishi nasi. Hapakuwa na televisheni, simu zilikuwa hazishiki, na hakuna aliyeweza kuinuka kwenda chumba kingine. Tulipokuwa bado tunazungumza, niliona jani la mkoko lililokuwa limetulia kwenye kidimbwi kando ya boti likigeuka taratibu na kuanza kwenda upande wa juu. Nahodha alikuwa ameshaamka kabla sijasema kitu. Baada ya nusu saa boti ilikuwa inaelea.

Usiku: mnalala wapi na mnalala pamoja?

New Victoria ina vyumba, na ukikata daraja la kwanza mapema mnalala pamoja mlango umefungwa. Uliza idadi ya vitanda kabla hujalipa. Liemba nayo ilikuwa na vyumba vya vitanda viwili daraja la kwanza, vidogo, feni inayofanya kazi ikipenda, na dirisha la duara ambalo asubuhi lilituonyesha milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kinapita meta 2,400. Daraja la tatu ni viti na sakafu. Kwa vijana wawili wenye nguvu inawezekana, kwa wanandoa wanaotaka kupumzika siwashauri.

Delta hailaliwi majini. Mnarudi nchi kavu kila jioni, nyumba ya wageni ya kawaida, chandarua muhimu kuliko kitanda chenyewe. Anayetaka starehe ya hoteli aivute subira mpaka Mafia.

Tumbo na woga

Hapa delta inashinda bila mjadala. Ndani ya mikoko hakuna mawimbi. Mume wangu, aliyetapika kwenye kila chombo tulichopanda, alikula wali na kamba ndani ya boti na kuomba tena. Tabu inakuja ukitoka mlangoni kuelekea Mafia, maana kivuko cha Nyamisati hadi Kilindoni kinaanza ndani ya mkono wa mto, mikoko kulia na kushoto, halafu ghafla nchi inafunguka na bahari inakupokea. Kaeni katikati ya chombo, nyuma kidogo, na msipande na njaa wala mmeshiba sana.

Ziwani, Tanganyika inategemea majira. Miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo unatoka kusini na ziwa lenye urefu wa karibu kilometa 670 linaupa nafasi ndefu ya kusukuma mawimbi. Victoria ni pana na yenye kina kifupi, kama meta 80 pale palipo na kina zaidi, na mawimbi yake ni mafupi, ya kugonga. Dhoruba za usiku wa masika ni za kuheshimiwa.

Kuhusu usalama niseme wazi, kwa sababu wenzetu wengi wa Dodoma wanaogopa kisichopaswa kuogopwa. Wanauliza kina. Tanganyika ina kina cha zaidi ya meta 1,400, ni ya pili duniani baada ya Baikal, na watu wakisikia hivyo wanaghairi. Lakini MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu na gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Baharini tulikuwa na Spice Islander, Septemba 2011, ikielekea Pemba. Kilichotajwa mara kwa mara ni kujaza watu na mizigo kupita uwezo. Kwa hiyo unapofika gatini tazama chombo: kimekaa vipi kwenye maji, mizigo imepangwaje, watu wanahesabiwa au wanaingia tu? Ukiona kimelala upande mmoja, baki. Tiketi inayopotea si hasara. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ajili ya ziwa au bahari, wanautoa kila siku, na vaa jaketi la kuokolea mpaka mguu ukanyage gati. Kwenye boti za kukodi delta, kama majaketi hayapo, msipande. Sisi siku hizi tunabeba ya kwetu mawili kutoka Dodoma, na kwenye SGR watu wanatutazama sana.

Delta ina jambo lake jingine: viboko na mamba, hasa sehemu za juu ambako maji yanakuwa baridi ya mto badala ya chumvi. Mkono usining'inie nje ya boti. Nahodha akisema hapa tunapita kando, ana sababu.

Pesa zinakwenda wapi

Sitaandika nauli za meli kwa sababu zinabadilika, lakini namna pesa zinavyotoka haibadiliki. Victoria inakula pesa kwenye basi na kwenye chumba, basi, na unaijua hesabu yote kabla ya kuondoka nyumbani. Tanganyika kwa kila kilometa ndiyo rahisi kuliko zote, lakini inakula siku: kusubiri meli Kigoma, kisha kurudi Dodoma kutoka Kasanga kupitia Sumbawanga na Mbeya, safari nyingine kamili ya mabasi. Wekeni wiki mbili.

Delta inahitaji kuzungumza vizuri. Boti ya kukodi bei yake inatokana na petroli, hivyo watu wawili mnalipa sawa na watu sita. Kubalianeni mapema: mafuta yananunuliwa na nani, saa za kusubiri maji zinahesabiwa au hapana, na nahodha anakula wapi. Jitambulisheni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni anayezunguka bila kujulikana anazua maswali. Mwenyekiti ndiye aliyetupatia nahodha mzuri. Tulikuwa tumeanza na mtu mwingine tuliyempata njiani, akachukua malipo ya awali ya mafuta na hatukumwona tena.

Mnachokiona, mnachokila

Tanganyika ina uzuri ambao sijauona kwingine. Maji ni meupe, unaona mawe chini ukiwa umesimama gatini. Kigoma kuna migebuka na kuhe, na kabla ya kupanda meli mnaweza kwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Na meli yenyewe ni historia: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa kwa vipande, ikaingizwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 mabaharia wake waliizamisha kwa makusudi, wakiwa wamezipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiinua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hapa ndipo safari zetu mbili zilipokutana bila sisi kupanga. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji na kumalizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliokolewa na kutawanywa nchini, na mmoja wake ukasafirishwa hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli ile ile, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Nahodha wetu wa delta alipotuonyesha upande ilikokuwa Königsberg, mume wangu alinishika bega. Miaka minane kabla tulikuwa tumelala juu ya sitaha iliyowahi kubeba mzinga wake.

Delta inakupa ndege, nyani, wavuvi wa kamba, vibanda vya dungu vilivyoinuliwa juu ya nguzo kwenye mashamba ya mpunga ili wakulima walinde mazao na mafuriko yasiwafikie. Ukivuka hadi Mafia kati ya Oktoba na Februari kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole, anakula vidudu vya majini. Mimi nilimwona nikiwa nimekaa ndani ya mashua. Mume wangu alishuka majini. Alikuwa amejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli hapa Dodoma miezi mitatu kabla, kimya kimya, bila kuniambia.

Victoria kwa upande wa kuona iko nyuma, kwa sababu ya usiku niliousema. Inajikomboa Bukoba: kahawa, ndizi, na senene kama mmefika msimu wake. Mkitaka kuona ziwa mchana, ongezeni siku mbili Mwanza na mwende Ukerewe au kisiwa cha Saanane.

Kwa hiyo mwende wapi?

Kama hamjawahi kulala majini na mmoja wenu anaogopa, anzeni na Victoria. Usiku mmoja, chumba, ratiba. Mkirudi mnajua kama mnaiweza hamu hii au la.

Kama mna wiki mbili na nyote wawili mnaweza kungoja bila kutafutana lawama, Tanganyika ndiyo safari yenyewe, na singeibadilisha kwa nyingine. Lakini kuna sharti. Liemba imekuwa kwenye ukarabati mkubwa miaka hii. Kabla ya kukata tiketi ya treni, pigeni simu ofisi ya meli Kigoma muulize chombo gani kinakwenda na lini. Kama meli haipo, msiende kwa kutegemea boti za mbao za mizigo zinazosafiri usiku. Wenyeji wanazipanda kwa sababu hawana njia nyingine, na ninyi mnayo.

Kama mna siku saba hadi kumi, na hasa kama kuna mazungumzo mnayoyakwepa nyumbani, nendeni delta. Ndiyo ninayowashauri wengi wanaoniuliza sasa. Chagueni Oktoba au Novemba, majira ya maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari ya kwenda Mafia inapokuwa na huruma. Tazameni kalenda ya mwezi. Maji ya bamvua yatawaingiza kwenye mikono midogo ambayo siku nyingine haifikiki, lakini yakipwa yanawaacha juu ya tope muda mrefu. Kwa mara ya kwanza chukueni maji mafu: mtaona sehemu chache zaidi, mtakwama kidogo. Bebeni maji ya kunywa ya siku nzima, kofia, krimu ya mbu, fedha taslimu, na kitu cha kutafuna.

Sisi tumeshaomba likizo ya Oktoba, watatu safari hii. Mama mkwe, ambaye sasa anaishi nasi hapa Kisasa, ameuliza kama ni kweli kuna mto unaokwenda pande mbili, na anataka kuuona kwa macho yake. Nimempigia nahodha. Ameniambia tarehe, na ameniambia saa ya kuondoka: saa kumi na moja alfajiri. Chai tutakunywa ndani ya boti.